Nani anamchagua jaji anayeamua kura zetu?

Mara ya mwisho watu wa Masisi kupiga kura nyumbani kwao ilikuwa tarehe 30 Desemba 2018. Hesabu mwenyewe. Kijana aliyekuwa na miaka 17 siku ile leo ni mtu mzima, pengine ana bibi na watoto, na bado hajaweka alama yake kwenye karatasi ya kura hata mara moja katika wilaya yake. Uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 ulifanyika Goma, ukafanyika Walikale, lakini haukufika Masisi wala Rutshuru kwa sababu ya vita. Kwamouth, kule magharibi, nayo ilibaki nje.

Habari hiyo kila familia iliyokimbia vita inaijua. Tukikaa kuizungumza, tunasema hatukumchagua rais, hatukumchagua mbunge wa taifa, hatukumchagua mbunge wa jimbo. Kuna hasara ya nne ambayo watu wachache wanaitaja: hatukuwa na mkono katika kuwachagua majaji wa Korti ya Katiba. Najua wengi watashangaa na kuuliza, "Kwani majaji wanachaguliwa?" Ndiyo. Wanachaguliwa, ila njia yake inapita mbali na macho yetu. Leo tuifuate njia hiyo, maana mwisho wake uko mlangoni petu.

Tuanzie mbali kidogo, Marekani, kwa sababu kule jambo hili liko wazi na watu weusi wamelipigania kwa miaka mingi. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina korti yake ya juu. Katika majimbo mengi, majaji wa korti hiyo wanapigiwa kura na raia wenyewe, ama ili waingie, ama ili wabaki kwenye kiti. Kwa hiyo kule mama anayeuza sokoni anaweza kupiga kura kumkubali au kumkataa jaji.

Lakini kupiga kura ni jambo moja, na kura yako kuwa na uzito ni jambo lingine. Chukua jimbo la Louisiana. Korti yake ya juu ilikuwa na majaji 7. Maeneo ya uchaguzi yaliyochagua jaji mmoja mmoja yalikuwa 5. Eneo la sita lilichagua majaji wawili, na humo ndimo ulimokuwa mji wa New Orleans, wenye watu weusi wengi. Mji huo uliunganishwa na wilaya tatu za jirani zenye wazungu wengi. Ukizihesabu pamoja, wazungu walikuwa wengi zaidi. Hakuna polisi aliyemzuia mtu mweusi kufika kwenye sanduku. Alipiga kura yake, ikamezwa na kura za jirani. Hadi miaka ya 1980 hakuna mtu mweusi hata mmoja aliyekuwa amechaguliwa kuingia katika korti ile.

Mwaka 1986, Ronald Chisom na wenzake walipeleka kesi. Walitegemea sheria ya haki ya kupiga kura ya mwaka 1965, ile iliyopatikana baada ya watu weusi kuandamana, kupigwa na hata kuuawa. Upande wa pili ulijibu kwa hoja ya ujanja: sheria inasema juu ya kuchagua "wawakilishi", na jaji si mwakilishi wa mtu, ni mtumishi wa sheria, kwa hiyo sheria ile haimhusu. Kesi ikapanda hadi Korti Kuu ya Marekani. Mwezi wa Juni 1991, majaji 6 dhidi ya 3 waliikataa hoja hiyo: kama jaji anapigiwa kura, basi haki ya mchaguzi mweusi inalindwa katika kura hiyo pia. Mwaka uliofuata yalifikiwa makubaliano ya kuwapa watu wa New Orleans kiti, na Revius Ortique akawa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika korti ya juu ya Louisiana. Mwaka 1994 akafuata Bernette Joshua Johnson. Mama huyo alikuja kuwa mkuu wa korti nzima mwaka 2013.

Kwa nini walihangaika hivyo kwa ajili ya viti vya majaji? Jimbo la North Carolina linatoa jibu. Mwezi wa Desemba 2022, korti ya juu ya jimbo hilo iliivunja sheria iliyomtaka mchaguzi aonyeshe kitambulisho chenye picha. Korti ilisema sheria ile ilitungwa kwa nia ya kuwabagua wachaguzi weusi. Lakini mwezi mmoja kabla ya hukumu hiyo raia walikuwa wamepiga kura ya majaji, na wingi ndani ya korti ulikuwa unabadilika. Majaji wapya walipokalia viti, kesi ilifunguliwa tena. Mwezi wa Aprili 2023, korti ileile, kwa katiba ileile, ikatoa hukumu kinyume: sheria ya kitambulisho irudi. Maneno ya katiba hayakubadilika hata nukta. Waliobadilika ni watu waliokuwa wakiyasoma.

Sasa turudi nyumbani tukiwa na swali hilo mkononi: huku kwetu, nani anaisoma katiba, na nani amempa kazi hiyo?

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 158, inasema Korti ya Katiba ina majaji 9. Rais wa Jamhuri ndiye anayewateua wote kwa sahihi yake, lakini wanatoka katika milango mitatu. Watatu ni wa chaguo lake mwenyewe. Watatu wanapendekezwa na Baraza Kuu la Majaji. Watatu waliobaki wanapendekezwa na Bunge, yaani wabunge wa taifa na maseneta wakikaa pamoja katika Kongresi. Kila jaji ana muda wa miaka 9 ambao haurudiwi, na kila miaka 3 theluthi ya majaji inapaswa kubadilishwa.

Hapo ndipo mchaguzi wa Kongo anapomgusa jaji. Kwenye sanduku la kura hakuna jina la jaji hata moja. Kuna jina la mbunge, na mbunge akifika Kinshasa anashiriki kuwapata wale watatu. Mkono wetu ni mfupi, nakubali, lakini upo. Masisi haukuwepo kabisa katika uchaguzi wa 2023. Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo.

Mtu anaweza kuniambia, "Bwana mwandishi, majaji wa Kinshasa wananihusu nini mimi niliyelala chini ya bashi?" Jibu liko katika historia yetu, na tuipitie polepole.

Mwaka 2006, kabla Korti ya Katiba haijaundwa, kazi yake ilifanywa na Korti Kuu ya Haki. Baada ya duru ya pili ya uchaguzi wa rais, Jean-Pierre Bemba alipeleka malalamiko yake huko. Tarehe 21 Novemba jengo la korti lilichomwa moto katika fujo mjini Kinshasa. Siku 6 baadaye malalamiko yalikataliwa, na Joseph Kabila akathibitishwa. Mwaka 2011 ilikuwa zamu ya Étienne Tshisekedi kupinga matokeo, na korti ileile ikamthibitisha Kabila tena. Katika mwaka huohuo wa uchaguzi, rais alikuwa ameongeza majaji wengi wapya ndani ya korti hiyo. Wapinzani walipiga kelele, lakini viti vilikuwa vimekwisha kukaliwa.

Watu wa Masisi wana sababu yao ya kuukumbuka uchaguzi ule. Mwanzoni mwa 2012, CENI ilipotangaza wabunge, iliacha maeneo 7 ya uchaguzi kati ya 169 na kuiomba korti ifute kura zake kwa sababu ya fujo na udanganyifu. Masisi ilikuwa moja ya hayo 7. Fikiri juu ya mama aliyetembea saa tatu kutoka kijijini, akapanga mstari tangu asubuhi, akapiga kura yake kwa haki. Kura yake na ya mtu aliyejaza sanduku kwa nguvu ya bunduki zilikuwa zinangoja neno la majaji walewale.

Korti ya Katiba yenyewe ilianza kazi mwaka 2015. Mwaka uliofuata ikakutana na swali zito: muda wa rais ukiisha mwezi wa Desemba 2016 na uchaguzi haujafanyika, nani atatawala? Tarehe 11 Mei 2016, kwa kutumia kifungu cha 70, Korti ilijibu kwamba rais aliyepo anabaki mpaka mpya aliyechaguliwa aingie. Sentensi hiyo moja ilifungua miaka miwili ya kungoja. Katika miaka ile vijana waliuawa mitaani wakidai uchaguzi.

Kisha likaja lile la Beni na Butembo, ndugu zetu wa kaskazini. Tarehe 26 Desemba 2018, zikiwa zimebaki siku 4 tu, CENI ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi hawatapiga kura pamoja na wengine. Sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na usalama mdogo. Wachaguzi zaidi ya milioni moja waliwekwa pembeni. Watu wa Beni walitoka siku ya kura wakapanga sanduku zao wenyewe, wakapiga kura ambayo CENI haikuihesabu. Martin Fayulu alikwenda Korti ya Katiba kupinga matokeo. Tarehe 20 Januari 2019 Korti ilimkataa na kumtangaza Félix Tshisekedi kuwa rais. Mwezi wa Machi watu wa Beni, Butembo na Yumbi wakaruhusiwa kuchagua wabunge. Kura ya rais ilikuwa imekwisha kuwapita.

Mwaka huohuo, mwezi wa Juni, Korti iliwavua viti wabunge wengi wa upinzani. Baada ya malalamiko makubwa ilirudi nyuma mwezi wa Julai na kuwarudishia baadhi yao. Mtu aliamka mbunge, akalala raia wa kawaida, akaamka tena mbunge. Wakati wote huo waliompigia kura walikuwa kijijini wakisikiliza redio.

Wakubwa wa Kinshasa wanajua vizuri thamani ya kiti cha jaji. Mwaka 2020 Rais Tshisekedi alipoteua majaji watatu wapya, wenzake wa upande wa Kabila, aliokuwa akitawala nao, walikataa. Wakuu wa Bunge na Seneti hawakutokea tarehe 21 Oktoba majaji hao walipoapa. Kabla ya mwaka kuisha, muungano wa pande zile mbili ulikuwa umevunjika. Waligombana juu ya mengi, lakini kiapo cha majaji kilikuwa katikati ya ugomvi. Wanasiasa hawagombanii kitu kisicho na faida.

Na kwetu? Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi, ule ambao sote tunauita "état de siège". Gavana akawa jenerali. Wilaya zikapewa wakuu wanajeshi na polisi. Kesi za jinai za raia zikapelekwa mbele ya majaji wa kijeshi, na mabunge ya majimbo hayo mawili yakafungwa. Amri hiyo, kama katiba inavyotaka, ilipita mbele ya Korti ya Katiba, na Korti ikasema haipingani na katiba. Hatua ile ilipangwa kwa siku 30. Baada ya hapo ilipaswa kuongezwa kila siku 15 kwa kibali cha Bunge, na imeongezwa mara nyingi kuliko vidole vya mikono na miguu yetu. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji wa Nyabiondo au wa Pinga, kama jamaa yako alifungwa na kesi yake ikasomwa na jaji mwenye magwanda, ujue kwamba njia ya kesi hiyo ilipita kwa majaji 9 wa Kinshasa na kwa wabunge waliokuwa wakiinua mikono.

Tukiyaweka hayo yote pamoja, tunaona mnyororo. Sheria inagawa viti vya Bunge kwa kuhesabu watu walioandikishwa na CENI. Kadi ya mchaguzi inaleta kiti, kiti kinaleta mbunge, mbunge anaingia Kongresi, na Kongresi inapendekeza majaji watatu. Hao, pamoja na wenzao sita, ndio watakaosema kama uchaguzi ujao ulikuwa halali, hata kama wilaya yako haikupiga kura. Mwaka 2023, uandikishaji ulipofika upande wetu mwezi wa Februari, Masisi ilikuwa ndani ya vita. Mnyororo ulikatika kwenye pete ya kwanza, na zote zilizofuata zikaanguka. Tarehe 9 Januari 2024 Korti ilithibitisha matokeo ya rais kwa asilimia 73.47. Wapinzani wakubwa hawakwenda hata kulalamika, walisema hawaiamini Korti. Mtu wa Masisi hakuulizwa upande wowote.

Walikale nayo isijione iko salama. Ilichagua wabunge wake 2023, ndiyo. Lakini mwezi wa Machi 2025 vita vilifika hadi Walikale-centre, watu wakaingia msituni na magodoro kichwani. Kama uandikishaji ungeangukia mwezi ule, leo tungekuwa tunaongea juu ya wilaya mbili zilizo kimya, moja pembeni ya nyingine.

Hapa ndipo New Orleans na Masisi zinapokutana, ingawa historia zao si moja. Kule hakuna sheria ya miaka ile iliyomkataza mtu mweusi kumchagua jaji; mistari ya ramani ndiyo iliyomfunika. Huku hakuna sheria inayosema mtu wa Masisi si mchaguzi. Kifungu cha 5 cha katiba kinasema kila Mkongomani mwenye miaka 18, mwanamume au mwanamke, ni mchaguzi. Haki imeandikwa, lakini mtu wa kituo cha uandikishaji hakufika. Watu wa New Orleans walikataa kuambiwa kwamba mambo ya majaji hayawahusu. Hilo tunaweza kujifunza kwao.

Je, basi nasi tuombe majaji wapigiwe kura kama Marekani? Wapo wanaosema hivyo. Mimi naona tusikimbie. Katika jimbo la Wisconsin, mwezi wa Aprili 2025, kampeni ya kiti kimoja tu cha jaji ilimeza zaidi ya dola milioni 100. Kwetu, ambako mgombea anagawa chumvi, sabuni na vitenge, jaji mwenye kampeni angeingia kortini akiwa na madeni ya watu, na mwenye mgodi ndiye angekuwa mdai wa kwanza. Sitaki kesi ya shamba langu iamuliwe na mtu aliyelipiwa mabango na mwenye kulitaka shamba hilo.

Kuna pia mwenye kusema, "Walikale ina wabunge, umeona wamebadilisha nini?" Swali lake ni la haki. Mbunge anaweza kukaa Kinshasa miaka 5 bila kututajia jina la jaji hata mmoja. Lakini mbunge aliyepo anaweza kuulizwa na kukataliwa uchaguzi ujao. Asiyekuwepo huwezi hata kumlaumu.

Yapo mambo ambayo tunaweza kufanya tukiwa hapa tulipo, hata kwenye kambi, hata kwa familia iliyotupokea. La kwanza ni karatasi. Kadi ya mchaguzi ya zamani, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hati ya shule, vitunzwe katika plastiki, visiachwe nyuma tunapokimbia. Kijana wa Masisi aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 atahitaji kuonyesha umri na asili yake siku uandikishaji utakapofika.

La pili ni kuuliza mapema. Kwa hesabu ya katiba, uchaguzi mwingine ni 2028. Uandikishaji hutangulia kura kwa miezi mingi. Viongozi wa vijiji, barza za jamii, makanisa na vyama vya wakina mama waanze sasa kuiuliza CENI: familia ya Masisi iliyoko Walikale, Minova au Goma itaandikishwa wapi, na itahesabiwa kwa wilaya gani? Jibu likija baada ya viti kugawanywa, halitasaidia kitu.

La tatu ni kumuuliza mgombea. Akija na pikipiki na muziki, apokelewe vizuri, kisha aulizwe: Kongresi ikikaa kupendekeza majaji wa Korti ya Katiba, utamuunga mkono nani, na utarudi kutuambia? Wengi hawajawahi kuulizwa hivyo na mtu wa kijijini.

La nne, tujue mlango uliopo. Mchaguzi wa kawaida hawezi kupeleka Korti ya Katiba malalamiko juu ya matokeo. Hiyo ni kazi ya wagombea na vyama vyao. Lakini kifungu cha 162 kinamruhusu mtu yeyote kuishtakia Korti hiyo sheria inayovunja katiba. Safari ya Kinshasa ni ghali na avoka naye ana bei yake, kwa hiyo mtu mmoja hataweza. Ronald Chisom hakwenda peke yake.

Kifungu cha 149 kinasema haki inatolewa katika nchi yote kwa jina la raia. Raia wa Masisi na wa Walikale wamo katika jina hilo. Hukumu ya Januari 2024 nayo ilisomwa kwa jina lao, kwa hiyo wana haki ya kuuliza ni nani walioisoma, na nani aliyewaweka pale.